Haijawaka, Endelea Tu

Mama yangu,

Alhamisi iliyopita nilimtia mteja dawa ya nywele kwa mara ya kwanza tangu tulipokuzika. Nimeona nikuandikie wewe kabla sijamwambia mtu mwingine, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kukaa kwenye kiti changu, na kwa sababu tangu uondoke sina mtu wa kumweleza habari za saluni bila macho yake kuhamia kwenye simu. Naandika kwa Kiswahili. Najua ungenicheka, maana nyumbani hatukukitumia ila ukimwigiza chifu au daktari. Lakini Kimeru chetu mimi najua kukisema tu, kukiandika kunanishinda.

Unamkumbuka Makena? Chuo cha urembo kilikuwa kimempa kila mmoja wetu kichwa cha doli cha kufanyia mazoezi, na mimi changu nilikibeba kwenye kiondo chako kutoka Meru mjini mpaka nyumbani Kibirichia, nywele zikining'inia nje. Jirani yetu niliyekutana naye pale getini alitazama ndani ya kiondo akapiga mayowe, maziwa yote aliyobeba yakamwagika. Wewe ulicheka mpaka ukakaa juu ya gunia la viazi. Ulipotulia ulikichukua kile kichwa mikononi, ukayaangalia yale meno yake meupe na lile tabasamu lake lisiloisha, ukasema, "Huyu ni Makena, mwenye furaha. Hata akinyolewa atafurahi tu." Jioni tulipotaka kuomba kabla ya chakula ulisimama, ukamfunika uso kwa kitambaa chako cha kanisani. Ulisema hatuwezi kuongea na Mungu huku kuna mtu anatukenulia meno. Baada ya hapo ikawa ndiyo kawaida ya nyumba yetu. Nikisahau, ulikuwa unakatiza sala katikati. "Kendi, funika mgeni." Halafu unaendelea pale pale ulipoachia.

Lakini Makena hakuwa na ngozi ya kuungua. Muhula wa pili Madam Wawira, mwalimu wetu kutoka Embu, yule mwenye sauti ya polepole na macho yasiyopitwa na kitu, alituambia tulete watu wa kweli, mtu mmoja kwa kila mwanafunzi, atakayekuwa modeli wake mpaka mtihani wa mwisho. Wenzangu walileta dada zao na marafiki zao. Mimi dada sina, na marafiki zangu walikuwa wameshaiona kazi ya mikono yangu, kila mmoja akajikuta na safari. Nikaja kwako. Ulikuwa hujawahi kutia kitu kichwani zaidi ya mafuta ya kawaida, na kitambaa ulikuwa umekifunga tangu kabla sijazaliwa. Uliuliza swali moja tu.

"Zitamea tena?"

Nikakuambia zitamea.

"Basi. Kichwa ni chako."

Siku ya kwanza darasani ulivaa lile gauni lako la buluu la harusi za watu. Ulisalimia kila mwanafunzi kwa mkono, mmoja mmoja, mpaka doli zao karibu uzisalimie. Nikakupaka vaselini pembezoni mwa nywele, nikavaa glavu, nikaanza. Hii dawa ya kulainisha nywele ni kali, ikikaa sana inaanza kuwasha ngozi, na mteja akisema tu inawasha, fundi anaacha kila kitu na kumwosha. Ndiyo maana tunauliza kila baada ya dakika chache. Madam Wawira akainama karibu na sikio lako akakuuliza kwa adabu, "Mama, inawasha?"

Ulitazama kulia, ukatazama kushoto, ukainua macho mpaka kwenye taa.

"Kwani ni nini inawashwa? Mimi sioni kiberiti."

Darasa zima lilivunjika mbavu. Mpaka leo sijui kama hukuelewa kweli au uliniona nilivyo na woga ukaamua kututania. Madam Wawira alicheka mpaka akavua miwani, halafu akakueleza kwamba anauliza kama kichwani kunachoma. Ulitikisa kichwa kwa heshima zako zote.

"Aa. Bado. Haijawaka."

Neno hilo likawa letu. Wenzangu wakalichukua, kila mtu darasani akawa anauliza imewaka, haijawaka. Nyumbani likaingia kwenye kila kitu. Nikikuuliza kama umechoka shambani, haijawaka. Nikikuuliza kama una njaa, haijawaka. Nilikuwa naona ni utani wetu mtamu kuliko yote, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kujificha ndani ya neno.

Mara ya pili nilipokutia dawa nilichelewa. Nilikuwa nataka mistari yangu inyooke kuliko ya wengine, unajua nilivyo na mashindano. Nilikuuliza mara tatu, na mara zote tatu ulijibu, "Haijawaka, endelea tu." Madam Wawira alikuwa anapita na daftari lake la maksi. Alisimama kwetu. Kichwa chako hata hakukiangalia, aliangalia mikono yako iliyokuwa mapajani. Kisha akaninyang'anya kitana.

"Osha! Osha sasa hivi!"

Nyuma ya sikio la kushoto ngozi ilikuwa imetoka, pakubwa kama punje ya maharagwe. Nililia pale kwenye sinki mbele ya watu wote, na wewe, maji yakikuingia machoni, ndiye uliyekuwa unanibembeleza. "Nilikuwa nakuona ukifanya vizuri, kaari. Nikasema nisikusumbue." Kaari, msichana, kana kwamba nilikuwa bado wa kutumwa dukani. Nikakasirika. Nilikuambia kwa ukali kwamba hii ni kazi ya watu, si kutandika kitanda, na kwamba modeli anayedanganya ni mbaya kuliko asiyekuwepo. Ulisema, "Sawa, mwalimu." Ukajifunga kitambaa chako juu ya kile kidonda.

Wenzangu walipoondoka, Madam Wawira alinibakisha darasani. Aliniambia mdomo wa mteja mwenye heshima zake nisiutegemee, hasa mama mtu mzima, maana wengi wao wamezoea kuvumilia na wanaona aibu kulalamika mbele ya vijana. "Mwangalie mikono," akasema. "Wako anaficha kidole gumba ndani ya ngumi. Angalia siku nyingine utaona." Na kweli, Mama, nilianza kuona. Niliona kanisani mahubiri yalipozidi. Niliona siku ulipotolewa mwiba. Kidole gumba ndani, vingine vinne juu yake, umekibana kama mtu anayeficha sarafu ya sadaka. Nikawa najisifu kwa wenzangu kwamba mimi mama yangu namsoma bila kumuuliza.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Muhula wa mwisho uliacha kula viazi. Wewe, uliyezaliwa kwenye viazi, uliyelima viazi, uliyenilea kwa viazi, uliyekuwa unasema chakula bila kiazi ni kuonja. Ukawa ni mtu wa uji. Nilikuuliza, ukanijibu umevipanda miaka yote hiyo na sasa umevichoka, waacheni wengine wale. Nilicheka. Niliwasimulia na wenzangu chuoni, nao wakacheka. Uji wako ukawa mwepesi zaidi wiki baada ya wiki. Gauni la buluu likaanza kukupwaya mabegani, nikakuambia umependeza, umekuwa msichana. Mwanafunzi wa urembo mzima, niliyefundishwa kutazama ngozi, kucha na nywele za mtu na kujua kama mwili wake una shida, nilikuona unapungua nikakusifu.

Mtihani wetu wa vitendo ulifanyiwa Embu. Tulilala kwa dada yake Madam Wawira, ukakataa chakula cha jioni kwa adabu nyingi sana, ukaomba chai. Asubuhi ulikuwa wa kwanza kuvaa. Kwenye ukumbi mlikuwa modeli wengi, wasichana wenye kope ndefu na kucha za rangi, na katikati yao wewe na gauni lako la buluu. Mtahini mmoja alikuuliza kama umepotea njia. Ulimjibu, "Hapana, mimi ndiye kichwa cha huyu." Nilitamani kukukumbatia lakini nilikuwa nimeshavaa glavu.

Siku hiyo hapakuwa na dawa. Hili nataka nilitaje vizuri, kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi. Dawa nilikuwa nimekutia wiki mbili nyuma, na nilikuwa nimekuosha kwa wakati. Mtihani ulikuwa wa kuosha, kuviringisha rola, kukausha kwa draya na kupanga mtindo. Hapakuwa na kitu cha kuunguza mtu. Nikakuinamisha kwenye sinki, nikakuosha, nikakuinua, na nilipozunguka mbele kukufuta maji usoni niliona mikono yako mapajani. Kidole gumba ndani ya ngumi. Mikono yote miwili. Nikahesabu ni woga. Nilijiambia mama anawaogopa watahini. Nikakuinamia nikakuuliza kwa mzaha wetu, "Imewaka?"

"Haijawaka," ukasema. "Endelea tu."

Nikaendelea. Ulikaa muda wa saa nne kwenye kile kiti, Mama. Mgongo wima, shingo wima, kama ulivyoagizwa. Kila nilipozunguka niliziona zile ngumi, na kila mara nilirudi kwenye rola zangu.

Tulipotoka nilikuwa najua nimefaulu. Mtahini aliyekuuliza kama umepotea alikuwa amekuzunguka mara mbili akitazama nywele zako, akaandika kitu kirefu. Ulitaka tukae kidogo kwenye ngazi kwanza. Ulisema umechoka na kukaa, na nikakutania kwamba mtu aliyechoka na kukaa haombi kukaa tena. Nikaenda kutuletea chipsi, nyingi, za kusherehekea. Nilikuambia labda hivi ni viazi vyako mwenyewe vimetutangulia Embu. Ulizishika mapajani kwa mikono miwili, ukanusa, ukasema ni nzuri sana, utazila nyumbani kwa utulivu.

Kesho yake asubuhi nikawakuta kuku wetu wanazila.

Nilikuja juu. Uliniona nilivyokuja juu. Nilisimama mlangoni kwa jiko na ile karatasi yenye mafuta mkononi, nikakuambia kama hukutaka chakula changu ungesema, kuliko kunidanganya mbele ya watu halafu ukawape kuku. Nikakuambia siku yangu kubwa umeifanya kama takataka. Ulikuwa unakoroga uji, na mtindo wangu wa nywele ulikuwa bado uko kichwani, hata hukuwa umefunga kitambaa. Ulisema, "Nisamehe, mwanangu. Nilisahau." Nikaondoka, na siku mbili nzima nilikuwa nakusemesha neno moja moja.

Wiki ya tatu baada ya Embu ulishindwa kumeza maji. Hospitalini daktari aliniuliza umeanza lini kupata shida ya koo, nikamwambia majuzi. Wewe ukageuza uso ukutani. Ndipo alipofungua karatasi uliyokuwa umeikunja ndani ya Biblia uliyokuja nayo, iliyoandikwa na daktari mwingine mwezi mmoja kabla ya Embu, ikikutaka ulazwe bila kuchelewa. Sikuwa na nguvu ya kupiga kelele. Alipotoka nilikuuliza kwa nini, na ukanijibu kwa ile sauti iliyokuwa imebaki, sauti ya mtu anayeongea akiwa nyuma ya mlango.

"Ningekuambia, nani angekaa kwa kiti?"

Nilikwambia ningetafuta mtu mwingine. Nilikwambia ningengoja mtihani wa mwaka unaofuata. Nilikwambia kichwa cha mtu yeyote kingetosha. Ukatabasamu kidogo.

"Wangekuharibia. Wangelia kabla hujamaliza."

Daktari alisema hata tungekuja mapema huenda isingebadilisha mengi. Alisema huenda. Nimeishi na hilo neno tangu siku hiyo, nalala nalo na kuamka nalo, na kuna siku linanifariji na kuna siku natamani kulirarua.

Siku ya mazishi, pale mochari, mama mmoja mhudumu aliniuliza kama wakufunge kitambaa kichwani, maana ndivyo familia nyingi zinavyotaka. Nikamwambia hapana, mimi ndiye fundi wake. Nilikuwa nimekuja na kitana, mafuta na rola zile zile za Embu. Nywele zako zilikuwa zimebaki chache, nikazichana polepole kuanzia mbele. Nyuma ya sikio la kushoto nikakuta kile kipara kidogo, ukubwa wa punje ya maharagwe, mahali ambapo nilikuahidi zitamea tena na hazikumea. Nikaweka kidole changu hapo. Na kwa mazoea tu, Mama, bila kufikiri, nikakuuliza kama inawasha. Yule mhudumu akatoka nje akaniacha.

Mikono yako nilijilazimisha kuiangalia. Ilikuwa imenyooka.

Matokeo yalitoka baada ya arubaini yako. Nilifaulu, tena vizuri, na Madam Wawira akaniletea cheti mwenyewe kutoka Meru, akakaa nami akanywa chai akalia. Leseni ya kufanya kazi nayo nikaipata. Sikuweza kufungulia saluni Kibirichia, kila nikipita njia ya shamba naona mtu wa gauni la buluu. Nikachukua chumba Kianjai, karibu na mashine ya kusaga unga. Leseni iko ukutani kwa sababu lazima iwe ukutani. Cheti kiko ndani ya Biblia yako, pale ilipokuwa ile karatasi. Makena yuko kwenye rafu, na kitambaa chako amejifunga kichwani, uso wazi. Wakati wa kuomba namfunika. Wateja wananiuliza sababu, nawaambia ni mila ya kwetu.

Lakini dawa sikugusa. Mtu akitaka kusukwa, nilisuka. Akitaka kuoshwa, niliosha. Akitaka dawa, nilimwambia imeisha, na wateja wakaanza kusema ile saluni ya msichana wa Kibirichia haina kitu. Nilikuwa nimeanza kufikiri nirudi nikalime tu. Nilikuwa naogopa kusikia mtu akiniambia endelea tu.

Alhamisi akaja mama mmoja wa hapa Kianjai, wa umri wako, kijana wake anaoa. Anauza ndizi sokoni, mikono yake ina utomvu kama yako ilivyokuwa na udongo. Alikuwa ametumwa na mabinti zake, aibu tupu. Akauona mkebe wa dawa kabla sijadanganya kwamba imeisha. "Niwekee hiyo," akasema. "Mimi si mtoto." Nikavaa glavu. Zilinichukua muda mrefu kuvaa.

Nilimpaka polepole nikamuuliza. Akasema haina neno. Baada ya muda nikamuuliza tena.

"Endelea tu, mwanangu. Bado."

Nikazunguka mbele. Mikono yake ilikuwa mapajani, juu ya leso, na kidole gumba kilikuwa kimeingia ndani ya ngumi.

Sikumuuliza mara ya tatu. Nilimshika mabega nikamwinamisha kwenye sinki nikafungua maji, na niliosha, Mama, niliosha mpaka glavu zikajaa maji. Akawa anasema kutoka chini, "Lakini sijasema kitu! Mimi sijasema kitu!" Nikamwambia najua. Nikapekua kichwa chake chote, nyuma ya masikio yote mawili, mstari kwa mstari. Ngozi ilikuwa nzima. Nilipomwinua na kumkausha alijitazama kwenye kioo akajishika nywele, akaniuliza nilijuaje. Nikamwambia mama yangu alikuwa modeli mbaya sana. Akacheka, kisha akaniona usoni akaacha kucheka, akanishika mkono akaukalisha mkononi mwake mpaka nikaweza kuendelea.

Kwa hiyo sirudi shambani. Ndilo nililotaka ulijue. Kazi uliyoikalia kiti nitaifanya. Chipsi za Embu nisamehe, na yale maneno ya mlangoni, na zile siku mbili nilizokunyima maongezi wakati siku zenyewe zilikuwa za kuhesabika. Ningejua, ningekaa nawe jikoni tukanywa huo uji wote wawili.

Na kama huko uliko unaniuliza naendeleaje, maana najua unaniuliza, nitakujibu vile ambavyo wewe hukunijibu hata mara moja. Nimejitazama mikono nikiandika hapa, na kidole gumba cha kushoto kiko ndani ya ngumi.

Imewaka, Mama.

Ni mimi binti yako, ambaye kichwa chako kilikuwa chake,
Kendi